Dawa haikuleta chulebuni

Niliwasha projekta kwenye ukumbi wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro, na ukutani ikatokea grafu yenye nguzo mbili. Nguzo ndefu ilikuwa ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani ya kahawa na migomba, vilivyopuliziwa dawa ya kopa, ile ya madini ya shaba. Nguzo fupi ilikuwa ya vihamba ambavyo havikupuliziwa. Urefu wa nguzo ulikuwa ni kiasi cha chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Sikumwambia mtu aache kupulizia, lakini mkulima mwenye deni la dawa dukani hahitaji kuambiwa. Anaitazama grafu kama ile na kufika huko mwenyewe.

Data ilikuwa yao. Msimu mzima vijana wa chama walizunguka na simu wakijaza dodoso: miti mingapi, miti ya umri gani, kivuli cha migomba kikoje, mbolea, dawa, matunda mangapi yana madoa. Mimi nikazipokea, nikafundisha modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, itabiri kihamba kipi kitaugua, nikaipima kwa vihamba ambavyo haikuwahi kuviona, ikatabiri vizuri. Kisha nikaiuliza ni taarifa gani inaisaidia zaidi kutabiri. Ikajibu: dawa.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyanyua mkono.

“Mwanangu, kwenu ni wapi?”

Nikamwambia ni huku huku, ila chini, karibu na lami.

“Basi ndiyo maana. Sisi wa juu ukungu hauondoki mpaka saa nne. Kahawa inashinda imelowa. Tusipopulizia hatuvuni. Nyie wa chini hata msipopulizia mnapata kitu.”

Akakaa. Watu wawili watatu wakaitikia kwa kichwa, mwenyekiti akaendelea na ajenda ya miche. Mimi nikashuka mjini na Noah ya jioni, laptopu mapajani, na nilikuwa nimeshaona tatizo kabla hatujafika mzunguko wa kwanza. Kwenye jedwali langu hapakuwa na mwinuko. Vijana walipita kwenye vihamba vyote vile, wakihema kwenye miinuko, na hakuna aliyeandika ni mita ngapi, kwa sababu mimi sikuliweka swali hilo.

Kwa asiyeijua chulebuni: ni ugonjwa wa kuvu unaoshika tunda la kahawa likiwa bado bichi. Linaanza doa dogo la kahawia iliyokolea, linabonyea ndani kama mtu kaligusa kwa kidole chenye moto, linapanuka mpaka tunda zima linakuwa jeusi. Mengine yanaanguka, mengine yanakauka yakiwa yameng’ang’ania tawi. Ukishika tawi la mti ulioshambuliwa vibaya unapata mkononi vitu vyepesi, vikavu, vinavyovunjika. Ugonjwa huu unapenda baridi na unyevu, ndiyo maana unauma zaidi maeneo ya juu. Kutu ya majani ni kinyume chake: hupendelea joto la maeneo ya chini. Kila mkulima mzoefu wa mlimani anayajua haya, na nilikuwa nimeyasoma pia. Kuyasoma hakukunisaidia kitu, kwa sababu modeli haikuyasoma.

Hebu nionyeshe hesabu yenyewe. Namba hizi nimezitunga kwa kujifunzia, si za chama, ila ndivyo mambo yalivyokaa. Chukua vihamba 100 vya juu na 100 vya chini. Juu, waliopulizia ni 80, na kati yao 32 waliugua, yaani asilimia 40. Ambao hawakupulizia ni 20, wakaugua 14, asilimia 70. Chini, waliopulizia ni 20 tu, akaugua 1, asilimia 5. Ambao hawakupulizia ni 80, wakaugua 8, asilimia 10. Kila mahali dawa imesaidia. Sasa changanya wa juu na wa chini pamoja, kama nilivyofanya mimi. Waliopulizia ni 100, wagonjwa 33. Ambao hawakupulizia ni 100, wagonjwa 22. Dawa iliyosaidia juu na kusaidia chini imegeuka kuwa sumu mara tu ulipoacha kuuliza kihamba kiko wapi.

Watakwimu wanaliita jambo hili kitendawili cha Simpson. Nilifundishwa chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata maksi. Lakini nililijua kama fumbo la darasani, na sikulitambua liliponijia likiwa limevaa gamba buti na tope la Kibosho.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba modeli haikuwa imekosea. Ukinipa kihamba nisichokijua, ukaniambia tu kwamba mwenyewe anapulizia, nina haki ya kukadiria kwamba kina hatari kubwa ya chulebuni, kwa sababu huenda kiko juu. Kama mnunuzi angetaka kujua mavuno yatapungua wapi, jibu la modeli lingemfaa. Mkulima hakuuliza hivyo. Yeye anauliza nikipulizia itakuwaje, nisipopulizia itakuwaje. Kwa zile namba zangu za kutunga, ungewapulizia wote 200, wa juu na wa chini, wangeugua 45. Ungewazuia wote, wangeugua 80. Maswali mawili, data ile ile, na majibu yanayoelekea pande tofauti.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya kabla sijazaliwa. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Hatusemi kila dalili ni chanzo. Kumbikumbi wakitoka jioni tunajua mvua imepita au inakuja, na hakuna mtoto aliyewahi kuwafungulia kumbikumbi shimo ili shamba linyeshewe. Dalili inakusaidia kujua. Chanzo ndicho unachoweza kukishika na kukigeuza. Mashine nyingi tunazozifundisha leo zinakusanya dalili kwa ustadi wa ajabu, halafu sisi wenyewe ndio tunaozisoma kama vyanzo.

Judea Pearl, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2011, amelipigania hili kwa miongo kadhaa. Anapanga maswali kwenye ngazi yenye vipago vitatu. Cha kwanza ni kuona: nikiona hiki, nitegemee nini? Cha pili ni kutenda: nikifanya hiki, kitatokea nini? Cha tatu ni kuwazia ambacho hakikutokea: kihamba hiki hiki, msimu huu huu, ningalipulizia, ningalivuna? Nilipokisoma kipago cha tatu nilifurahi kwa sababu ambayo Pearl hakuifikiria. Sisi hicho tumekiweka ndani ya kitenzi. Yule “-ngali-” anayewasumbua wanafunzi kwenye sarufi ndiye mlango wa sehemu ngumu kuliko zote ya sayansi hii.

Kwa kompyuta, kupanda kutoka kipago cha kwanza hadi cha pili hakutokani na kuongeza data. Hapo ndipo watu wengi wa akili mnemba, mimi nikiwemo, tulipoamini vibaya. Ningeleta vihamba 1,000,000 visivyo na mwinuko, ile nguzo ndefu ingebaki ndefu, na ningeiamini zaidi.

Kuna mfano wa majani ambao ninawaonyesha vijana wote ninaofanya nao kazi. Mkusanyiko wa picha za majani unaoitwa PlantVillage una picha zaidi ya 54,000, zenye mafungu 38 ya mazao na magonjwa. Mwaka 2016 watafiti walifundisha modeli kwa picha hizo, ikafikia usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Walipoipa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi karibu asilimia 31. Mwaka 2022 mtafiti mwingine akafanya jambo rahisi ambalo mimi naliona la kishujaa: alichukua kutoka kila picha pikseli 8 tu, yaani vidoa vidogo kabisa vinavyounda picha, na zote 8 zilikuwa za nyuma ya jani, yaani za meza au karatasi, akaficha jani lenyewe. Modeli ikapata asilimia 49, wakati kubahatisha kungeipa chini ya 3. Meza haiupi mmea ugonjwa. Lakini picha za ugonjwa mmoja zilipigwa pamoja, juu ya kitu kimoja, mwanga mmoja, na mashine haikuwa na sababu ya kujua kwamba sisi tunajali jani.

Na kuna mfano wa hospitali za Marekani, wenye uzito zaidi kwa sababu ni maisha ya watu. Katika miaka ya 1990 watafiti walifundisha modeli kukadiria ni wagonjwa gani wa nimonia walio katika hatari ya kufa, ili wenye hatari ndogo watibiwe wakiwa nyumbani. Moja ya modeli ikajifunza kanuni kwamba mwenye pumu pamoja na nimonia ana hatari ndogo. Rich Caruana, aliyekuwa kwenye kazi ile, ameieleza mara nyingi, ikiwemo kwenye makala ya mwaka 2015. Data haikudanganya: wenye pumu walikufa kidogo kweli, kwa sababu walipofika tu walipelekwa moja kwa moja kwenye uangalizi maalumu. Kuwarudisha nyumbani kwa kuifuata modeli kungewanyima kile kile kilichowaokoa. Kila nikisoma kisa hiki namwona yule mama wa karibu na mlango. Watu wa juu wanapulizia kwa sababu wako hatarini. Wenye pumu waliwahiwa kwa sababu walikuwa hatarini.

Basi swali lililonikalia kichwani kwa miezi: je, mashine ingeweza kulijua hili yenyewe? Kuna tawi zima la utafiti linalojaribu kugundua chanzo na matokeo kutoka kwenye data, na nimelitumikia jioni zangu nyingi.

Wazo la kuchora sababu kwa mishale ni la zamani kidogo. Sewall Wright, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alichora michoro ya namna hiyo mwaka 1920 akitaka kujua mabaka ya rangi kwenye manyoya ya simbilisi yanatokana na urithi kwa kiasi gani na mazingira kwa kiasi gani. Simbilisi hawa hawa, tuliowafuga jikoni nilipokuwa mtoto wakila maganda ya ndizi. Lakini Wright alichora mishale kwa alichokijua, kisha akapima uzito wake. Kuiacha data ichore yenyewe ni kazi nyingine, na ugumu wake wa kwanza ni wingi wa michoro. Vitu 3 vinaweza kuunganishwa kwa mishale, bila mzunguko, kwa namna 25. Vitu 4, namna 543. Vitu 5, namna 29,281. Ukifika vitu 10, idadi inaanza na 4 na kufuatiwa na tarakimu 18. Dodoso letu lilikuwa na maswali zaidi ya 30.

Peter Spirtes na Clark Glymour, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, walitoa njia inayoitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, PC. Mwaka 1993 walichapa kitabu pamoja na Richard Scheines wakiieleza kwa kirefu. Njia yenyewe haitafuti mishale kwanza, inafuta mistari. Unaanza kwa kuunganisha kila kitu na kila kitu. Kisha unauliza: nikishajua saa ambazo kahawa inakaa imelowa, je, mwinuko bado una la kuniambia kuhusu chulebuni? Kama hauna, unafuta mstari kati ya mwinuko na chulebuni. Unaendelea hivyo, ukifuta, mpaka inabaki mistari ambayo haikubali kufutika.

Hapo una mifupa, mishale bado. Na hapa data inafika ukingoni. Mwinuko unaleta unyevu, unyevu unaleta chulebuni: mchoro huu unaacha kwenye data alama zile zile ambazo zingeachwa na chulebuni inayoleta unyevu, na unyevu unaounyanyua mlima. Kompyuta inaviona sawa. Haijui kwamba Kilimanjaro ilikuwepo kabla ya kahawa.

Ila kuna umbo moja ambalo data inalisema wazi, na mimi nalijua tangu nikiwa mdogo, kwa sababu babu alikuwa akilitumia kila wiki.

Kihamba cha babu kilipata maji kwa mfongo, ule mfereji wa udongo unaochepua maji mtoni huko juu na kuyazungusha mlimani mpaka migombani. Kila ukoo ulikuwa na siku yake. Siku yetu babu aliamka mapema, anachukua jembe, anakwenda kuangalia. Akikuta mfongo mkavu, hakusema neno. Anasimama, anatazama juu. Mfongo hukauka kwa mambo mawili: ama mvua imekataa huko msituni na mto umepungua, ama mtu wa juu kauziba kwa mgomba uliokatwa, mawe na tope, akayageuzia maji kwake. Basi babu anateremka hadi kwenye kivuko, anausikiliza mto. Ukiwa unaunguruma, anarudi anasema, “Kuna mtu kafunga,” na anaanza kupanda na jembe begani. Ukiwa kimya, anarudi ndani.

Mvua ya msituni na tamaa ya jirani hazijuani kabisa. Kwa mwaka mzima huwezi kuziona zikitembea pamoja. Lakini ukishajua kwamba mfongo umekauka, moja inakupa habari ya nyingine: kama mvua ipo, basi ni jirani. Vitu viwili visivyohusiana vinaunganika pale unapojua matokeo yao ya pamoja. Umbo la namna nyingine halina tabia hiyo, ndiyo maana njia ya PC ikiikuta inathubutu kuchora vichwa vya mishale viwili vinavyokutana. Kutoka mshale huo, mara nyingine mingine inafuata.

Umbo hilo hilo ni mtego. Mtu akikusanya data siku ambazo mfongo umekauka peke yake, atagundua kwamba mvua nzuri inawafanya majirani kuwa wezi wa maji. Nilicheka mara ya kwanza kuliwaza hilo, kisha nikakumbuka dodoso letu. Tuliwahoji wanachama wanaoleta kahawa chama. Waliong’oa mibuni baada ya kuchoshwa na magonjwa na bei, wakabaki na migomba na ng’ombe, hawamo. Sisi tulihoji siku za mfongo mkavu tu.

Kwa vitu viwili peke yake, bila cha tatu, PC haina la kusema. Wengine wamejaribu mlango mwingine, na mfano wanaoupenda kama umetoka kwetu: mwinuko na joto. Mkusanyiko mmoja wa jozi za namna hii, uliotungwa na watafiti akiwemo Bernhard Schölkopf wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, una vipimo vya vituo vya hali ya hewa vya Ujerumani, kila kituo na mwinuko wake na joto lake. Mtu yeyote aliyewahi kupanda gari Moshi mjini na fulana, akashuka geti la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, akitafuta sweta, anajua mshale unaelekea wapi. Washa moto mkubwa stendi ya Moshi, mji hautashuka. Nyanyua mji, utapoa. Lakini je, namba zenyewe zinajua?

Jibu lao ni la kupendeza. Chora joto kama kitu kinachotokana na mwinuko, na mabaki yasiyoeleweka, ya kituo kuwa bondeni au penye upepo, yanatawanyika bila kujali uko mita ngapi. Geuza, uchore mwinuko kama kitu kinachotokana na joto, na mara nyingi mabaki yanaanza kufuata joto. Yanajipanga, yanavujisha siri kwamba umeshika ncha isiyo yake. Na kuna la pili, ambalo kwa mtu wa akili mnemba ni kubwa zaidi. Kanuni ya joto kupungua kadiri unavyopanda, kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, ninaweza kuibeba kutoka Moshi hadi Arusha, mji ulio juu zaidi, ikanifaa huko chini ya Meru. Nikijifunza kinyume, kwamba mwenye baridi kiasi hiki yuko mita kadhaa, nimebeba pamoja na kanuni namna watu wa Moshi walivyojenga nyumba zao mlimani, na Arusha itaniumbua. Chanzo husafiri. Dalili hubaki nyumbani.

Ndipo umuhimu wake katika ujifunzaji wa mashine unapokaa, kwa maoni yangu, kuliko penginepo. Modeli yangu ya Kibosho ilipopelekwa kwenye vihamba vya Rombo ilianguka. Ilikuwa imejifunza kwamba dawa ni alama ya kuishi juu, na Rombo hiyo alama haikuwa na maana ile ile.

Nisiwape matumaini ya bure. Watafiti wale wa mwinuko na joto walipopima njia yao bora kwa jozi 100 za data halisi mwaka 2016, ilipata mshale sahihi mara 63 hivi katika 100. Shilingi ya kurusha inapata 50. Mwaka 2018 zilikuja njia mpya zinazoligeuza tatizo lote kuwa hesabu laini ambayo kompyuta inaitelemka haraka, na zikasifiwa sana. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ushindi ule kwenye data za kutunga ilitokana na ukubwa wa namba: kitu chenye mtawanyiko mkubwa kilidhaniwa ni matokeo. Badilisha kipimo, mchoro unabadilika. Nilijaribu kwetu. Nilipima mwinuko kwa mita, kisha kwa kilomita, na mshale mmoja ukageuka. Mlima haujali tunaupima kwa nini.

Na hakuna hata moja kati ya njia hizi ingeiandika ile safu ambayo sikuikusanya. Kuna ndugu wa PC anayeweza kunusa kwamba kuna kitu kimejificha nyuma ya dawa na chulebuni, akaweka alama ya mashaka badala ya mshale. Hilo lingenitosha kunizuia kuwasha projekta. Kukipa jina kilichojificha, kuniambia ni ukungu wa saa nne, ilibidi mtu wa juu ainue mkono.

Nilirudi chamani mwezi uliofuata kuomba radhi na kuomba data zaidi. Nilimwomba katibu, dada mmoja makini sana, anipe chochote walichoandika kuhusu dawa. Akaniletea kaunta buku lenye jalada lililokunjika pembe. Chama kina mabomba 4 ya kupulizia, na kila mtu anayataka kabla masika haijashika. Baada ya ugomvi wa mwaka fulani, waliamua kupiga kura: vikaratasi vyenye namba kwenye kofia, kila anayehitaji anachota, na katibu anaandika jina na namba. Misimu mitatu, kurasa kwa kurasa, kwa kalamu ya bluu.

Nilisoma lile daftari nimesimama. Namba ya kura haijui mwinuko. Haijui nani ana hela, nani mzembe, nani ni shemeji wa mwenyekiti. Hakuna mshale hata mmoja unaoingia kwenye namba ya kura isipokuwa ule wa mkono ndani ya kofia. Mwaka 1948 Uingereza ilipochapisha jaribio lake maarufu la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu, lililopangwa na Austin Bradford Hill, ugawaji ulifanywa kwa nasibu, na moja ya sababu zilizolifanya likubalike ni kwamba dawa haikuwatosha wote. Uhaba ukawa mlango wa haki na wa maarifa pamoja. Kibosho walifanya hivyo kwa sababu ya mabomba 4, na hawakuwa wanatafuta maarifa.

Katibu alikuwa na wasiwasi. “Lakini wengine waliuziana zamu, kaka. Namba 40 anampa hela namba 2. Si itakuharibia?”

Nikamwambia haiharibu, mradi nilinganishe watu kwa namba waliyochota, si kwa siku waliyopulizia kweli. Anayenunua zamu ana sababu zake, pengine yuko juu, pengine ana pesa, na nikimfuata yeye nimerudi kule kule kwenye nguzo mbili. Nikiifuata namba ya kofia, nimebaki salama, ingawa athari ninayoiona inapungua kidogo.

Tukakaa na lile daftari siku mbili, yeye akisoma majina, mimi nikiyatafuta kwenye jedwali. Waliochota namba ndogo, ambao wengi walipulizia kabla ya mvua kushika, walikuwa na chulebuni kidogo kuliko waliochota namba kubwa. Juu ilikuwa hivyo, chini ilikuwa hivyo. Mistari ni michache na kadirio lina upana usioniruhusu kutaja namba moja kwa ujasiri, kwa hiyo siitaji. Mwelekeo niliupeleka ukumbini, na safari hii grafu ilikuwa na sehemu mbili, ya juu na ya chini, na yule mama akaitazama muda mrefu bila kusema kitu.

Msimu huu tumeongeza safu mbili kwenye dodoso: mwinuko, na saa ambayo jua linafika kwenye kihamba. Ya pili haina kifaa cha kupimia, tunawauliza wenyewe. Na siku ya kura nilikuwepo. Kofia ilikuwa ya mzee mmoja, ya sufi, ya kijivu. Mama wa juu alichota kikaratasi, akakifungua, akanionyesha: 31. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga.

“Na hii nayo unaiandika?”

“Naiandika, mama.”

“Andika na kwamba nimepata mbaya.”

Katibu akaandika jina lake, na pembeni, kwa kalamu ile ile ya bluu, 31.